Anti, jiji letu tulifanyeje? Barua zenu kuhusu kuifanya Dar ipumue

Toleo lililopita tuliwauliza kitu kimoja tu, ukipewa nafasi ya kubadilisha jambo moja Dar es Salaam ili mazingira yawe mazuri, ungeanza na nini? Jamani mmeandika! Kuna barua za mkono, kuna meseji, kuna sauti ndefu mtu anaongea huku konda anaita abiria nyuma yake. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 5.38 kwenye mkoa huu ambao kwa eneo ndo mdogo kuliko yote Tanzania Bara, kwa hiyo anachotupa mmoja kinamfikia mwenzake haraka sana. Barua zote haziwezi kuingia hapa, nimechukua zile ambazo wengi mmezigusa. Na kwa kila wazo nitauliza swali hilohilo: wiki ya pili, wageni wa uzinduzi wakishaondoka, kazi hiyo anaifanya nani?

Shikamoo Anti. Niko Tabata, nyumba yetu ina watu wengi na wapangaji juu. Wazo langu kila nyumba itenganishe taka, za jikoni kivyake, makopo na chupa kivyake. Mi nilishaanza ila gari la taka likija vijana wanabeba vyote wanamwaga pamoja, wapangaji wananiambia najisumbua bure. Niendelee au niache? – Mama wa Tabata

Marahaba mama. Usiache, tena nataka nikueleze vizuri manake barua yako ndo imegusa mzizi.

Ukiangalia taka za nyumba zetu, zaidi ya nusu ni vitu vya jikoni: maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, ugali uliolala, matumbo ya samaki. Hizo ndo zinazooza, ndo zinazonuka, ndo zinazotoa yale maji meusi yanayodondoka nyuma ya gari barabara nzima. Zikifika dampo la Pugu Kinyamwezi zinafukiwa chini ya nyingine, zinaoza bila hewa na kutoa gesi ya metheni, ambayo inaongeza joto la dunia kuliko hewa ya ukaa mara nyingi sana. Sasa ukizitoa hizo tu, zinazobaki ni kavu, nyepesi, hazinuki, na chupa na maboksi yanabaki masafi mpaka yule kijana anayeokota chupa anazipokea kwako mlangoni bila kuchakura kwenye uchafu.

Kwa hiyo usiwaze sana kuhusu gari. Zile za jikoni zisifike kwenye gari kabisa. Chukua ndoo kubwa ya zamani, itoboe matundu chini na ubavuni, iweke kivulini juu ya matofali mawili. Kila ukitia maganda, juu yake weka majani makavu au maranda, seremala yeyote atakupa kiroba bure. Nyama, samaki na mafuta usitie, panya watahamia. Geuza na kijiti mara moja kwa wiki. Ikianza kunuka maana yake imelowa sana, ongeza maranda. Baada ya miezi miwili mitatu unapata mboji nyeusi inanukia kama udongo wa shambani, ndoo ya pili inakuwa inajazwa wakati ya kwanza inaiva. Huna bustani? Muulize mfugaji wa kuku wa jirani, siku hizi wapo wanaofuga wale funza wa nzi weusi, wenyewe wanawaita BSF, wanakula mabaki ya jikoni na masoko kwa wiki kama mbili tu wakawa chakula cha kuku chenye protini nyingi.

Na huko Bonyokwa, sio mbali na wewe, shirika la Nipe Fagio na wakazi wameshaifanya kazi hii kwa kata nzima. Taka zinachukuliwa nyumba kwa nyumba zikiwa zimetenganishwa, zinaenda kituo cha kuchambulia palepale katani, za jikoni zinatumika, za kuuzika zinauzwa, na yanayobaki ndo yanapelekwa dampo. Wanaokusanya wana ushirika wao. Swali langu la wiki ya pili wao wana jibu, manake kuna watu ambao kazi yao na riziki yao ni hiyo. Nenda kawaone, chukua na mwenyekiti wako wa mtaa.

Halafu mama, wewe ni wa Tabata, unajua historia ya hapo kwenu? Dampo la jiji lilikuwa Tabata. Moshi, harufu, nzi, watu wakaugua mpaka wakachoka, mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu wakaishitaki Halmashauri ya Jiji, na wakashinda! Jiji likaendelea kuomba kuongezewa muda miaka kadhaa lakini mwishowe dampo likaondoka. Likaenda Vingunguti, halafu Mtoni, halafu Pugu. Nawaheshimu sana wale wazee wa Tabata, na ukweli unauma kwamba kila mara tumemhamishia jirani mwingine mzigo uleule. Ndo maana nasema ndoo yako hiyo ina maana. Hata hawa kunguru wanaotusumbua waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakitokea India, ili eti wapunguze taka, leo wamejaa pwani nzima wanakula vifaranga na mayai ya ndege wetu, na kinachowalisha ni mabaki tunayoacha wazi.

Anti habari. Mimi ni mkazi wa Kigogo karibu na mto Msimbazi. Wazo langu ziwekwe nyavu kubwa mtoni zizuie chupa na mifuko isiende baharini. Lakini pia kuna kitu naona aibu kukisema, mvua ikianza kunyesha usiku watu wanatapisha vyoo, maji yote yanaingia mtoni na kwenye nyumba zetu za chini. Serikali iwakamate. – Mkazi wa Kigogo

Nzuri ndugu yangu, na usione aibu, wenye kuona aibu ni wengine.

Nyavu kwanza. Zinafanya kazi, zipo nchi nyingi, ila wavu ni mtu na sio wavu. Mvua moja kubwa ya masika inaujaza kwa saa chache, na usipotolewa uchafu siku hiyohiyo unageuka bwawa, maji yanapanda pembeni yanaingia majumbani kwenu. Kwa hiyo wavu bila kikundi kinacholipwa kuusafisha kila baada ya mvua mimi siukubali, utawaumiza walewale waliouomba. Kama kikundi kipo, uwekwe kwenye mtaro unaoingia mtoni, ambako vijana wanne na reki wanaumudu. Mtoni katikati maji yana nguvu mno.

Mto wenyewe unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita kote huko viwandani na mitaani mpaka Jangwani halafu unaingia baharini pale daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar, wengi mnakumbuka. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mto, na mradi wa kulijenga upya bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia umeanza kuwahamisha watu kwa fidia. Mita 60 tunazijua wote kwa mdomo, mguuni hatuzifuati, na hapo nawasema wanaouza viwanja vya bondeni kuliko maskini anayevinunua.

Sasa vyoo. Kukamata peke yake hakutatosha na ntakwambia kwa nini. Gari la kunyonya majitaka haliingii vichochoro vya Kigogo, Tandale au Manzese, mpira wake haufiki, na hata likifika malipo ni ya mkupuo wakati mwenye nyumba anapokea kodi kidogo kidogo. Choo kimejaa, watoto wako ndani, mvua inakuja, anatoboa. Mi simtetei, kipindupindu kinaingia kwa njia hiyohiyo, lakini naona dawa iko wapi. Dar kuna vikundi vilivyojifunza kutumia pampu ya mkono, wanaiita galpa, wawili watatu wanaingia kichochoroni wananyonya tope wanalitia kwenye mapipa, linapelekwa kwa kigari mpaka kwenye mabwawa ya kutibu. Hawanyonyi choo chote, wananyonya kiasi unachoweza kulipia leo. Kwa hiyo wazo lako mimi ningeligeuza hivi: mtaa uwe na kikundi chake cha galpa, kila mwenye nyumba achange kidogo kila mwezi pamoja na ile ya taka, na vyoo vipitiwe Februari na Septemba kabla ya masika na vuli. Hapo ndo atakayetapisha akamatwe, manake atakuwa hana sababu.

Hujambo Anti, mimi mama lishe Buguruni. Wote wanasema tuache mkaa tutumie gesi ili tusimalize misitu. Mi nakubali kwa roho moja ila maharage kwa gesi mtungi mdogo unaisha kabla wiki haijaisha, wali ndo usiseme. Kama mnataka tuache mkaa mtufundishe hesabu. – Mama Lishe, Buguruni

Sijambo mpenzi, na nakushukuru kwa neno hilo la hesabu. Watu wa semina wanapenda kukupa mtungi wa kwanza halafu hesabu ya kujaza wanakuachia wewe.

Lengo la nchi, kwenye mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishatakiwa kuacha kuni na mkaa mwanzoni mwa 2024. Wewe hujafika huko ila njia inakuja kwako.

Hesabu yenyewe ianzie kwenye maharage. Yaloweke tangu jioni, asubuhi mwaga yale maji, muda wa kuchemsha unapungua sana na hapo umeokoa nishati yoyote unayotumia, iwe gesi au mkaa. La pili, gawa vyakula. Gesi iwe ya chai, mayai, mboga, kukaangiza, vitu vya haraka. Vya kuchemka muda mrefu ukiwa na umeme kibandani tafuta jiko la presha la umeme, lile linaloiva huku limefungwa, sufuria ya kawaida ya maharage inaiva chini ya uniti moja ya Luku. Najua kulinunua ni pesa nyingi kwa mara moja, ndo maana hili ni jambo la vikoba, mnakopeshana mpaka kila mmoja wenu pale anapata.

Na kama bado lazima uwe na moto wa makaa kwa ajili ya chungu kikubwa, tumia mkaa mbadala. Wanawake wenzio wanautengeneza kwa vumbi la mkaa linalobaki kwenye magunia, na vifuu vya nazi vilivyochomwa, wanachanganya na uji wa muhogo kama gundi, wanakandamiza kwenye kimashine, wanaanika mpaka ukauke kabisa. Ukiwa mkavu unakaa muda mrefu na moshi ni mdogo, ukiwa mbichi utakutoa machozi, kwa hiyo vunja kimoja uangalie ndani kabla hujalipa. Buguruni sokoni vifuu vinatupwa kila siku, mi nikivipita naona biashara ya mtu.

Shkamoo Anti mi ni mwanafunzi wa sekondari Temeke. Wazo langu tupande miti milioni moja Dar nzima jiji liwe la kijani kama zamani.

Marahaba mwanangu. Milioni ni nyingi, nikuombe kwanza 20 ya shuleni kwenu iliyo hai baada ya miaka miwili.

Miti Dar inakufa kuanzia Juni mpaka Oktoba, mvua ni chache, likizo za shule zinaangukia humo, aliyepanda ameshapiga picha ameondoka. Panda Machi mwanzoni mwa masika ili mche upate miezi mitatu ya mvua bure, na kila darasa liwe na miti yake kwa majina. Likizo ikifika chupa kubwa ya maji itobolewe tundu dogo la sindano kwenye kizibo na jingine kitakoni la kuingiza hewa, igeuzwe kichwa chini kwenye shina, inadondosha taratibu. Na kuhusu aina ya mti, kwa kivuli mkungu na mwarobaini, embe kama kuna nafasi na uvumilivu. Mashoki yale marefu membamba ni mazuri kwa getini ila hakuna mtu aliyewahi kukaa kivulini mwake saa saba mchana. Chini ya waya za Tanesco usipande kitu kirefu, watakuja na panga. Wa Kunduchi na Mbweni wao mikoko yao waiache isimame tu, inazuia bahari isile ufukwe na samaki wanazalia humo, kuipanda upya ni kazi kubwa kuliko kuilinda.

Anti mambo, niko na bajaji stendi ya Ubungo. Naona bajaji zote na daladala zihamie gesi asilia, moshi utaisha mjini.

Poa kaka. Wazo zuri na wengi mmeshaanza, gesi ya Songo Songo inafika hapohapo Ubungo tangu 2004, na kwa pesa ya mafuta mnaookoa nawaunga mkono. Moshi unapungua kweli, ila hauishi, na foleni ndefu za kujaza mnazijua nyinyi kuliko mimi. Mimi ningeweka nguvu zaidi kwenye basi. Mwendokasi ulipoanza 2016 njia ya Kimara, na jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, tuliona wenyewe kwamba basi moja linabeba watu zaidi ya 100 waliokuwa wawe kwenye magari madogo. Mabasi yakipungua, watu wakasukumana vituoni, mwenye uwezo anarudi kununua gari lake na ushindi wote unapotea. Mabasi ya kutosha, na bajaji ya gesi inayomtoa mtu kituoni mpaka nyumbani. Na tafadhali mnisaidie kuwaambia bodaboda wenzenu, njia ya baiskeli ni ya baiskeli.

Habari Anti. Nimejenga Goba. Majirani wote tumeweka pevingi uani mpaka getini, pasafi kweli, lakini sasa mvua ikinyesha barabara ya chini inakuwa mto na wa bondeni wanatulaumu sisi wa juu. Tufanyeje? Kung'oa sitaki. – Baba mwenye nyumba

Salama baba, na umefanya ungwana kuuliza, wa bondeni wana haki.

Ardhi iliyokuwa inakunywa maji umeiziba, maji hayana pa kwenda ila kwa jirani. Using'oe yote, ng'oa mstari mmoja upana wa futi mbili kando ya ukuta upande wa chini, chimba, jaza kokoto, juu panda majani. Maji ya uani yatazama pale kabla hayajafika getini. Halafu paa. Piga hesabu hii: paa la mita za mraba 100, mvua ikinyesha milimita 10 tu, hiyo ni mvua ya kawaida kabisa, umepata lita 1,000. Dar inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka mzima, yaani zaidi ya lita 100,000 zinatua juu ya nyumba yako halafu wewe unanunua maji ya boza! Weka gata pande zote, simtanki la lita 5,000 kwa kuanzia, mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite isafishe paa ndo uanze kuvuna. Maji ya kufua, choo, bustani, yote hapo, na wengi wenu huko visima vina chumvi kwa hiyo nguo zitawashukuru. Mkifanya nyumba kumi za mtaa wenu, wa bondeni wataona tofauti masika hiyohiyo.

Anti mi kijana wa Mbagala. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kufanya usafi, tunazibua mtaro tunatoa mchanga na mifuko tunaweka pembeni, ikinyesha vyote vinarudi ndani. Tumemwambia mwenyekiti anasema gari hamna. Vijana wamekata tamaa hawatoki tena. Nianzie wapi?

Kijana wangu, barua yako nimeisoma mara mbili na nimeumia, manake nyie mmefanya sehemu ngumu. Kufukua mtaro ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kile kirundo pembeni, na hicho mtaa mzima unakipita kila siku tena kinanuka, kimejaa mifuko laini na vile vifungashio vyeupe ambavyo tangu katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 vimechukua nafasi ya rambo.

Msitoke tena kufukua mpaka gari lipatikane. Nasema hivyo nikijua wengine watanilaumu. Mchanga wa mtaro ukikaa siku mbili ukichuja maji, ukichekechwa kutoa plastiki, mafundi wa kujazia misingi na mashimo ya njia wanauchukua, kwa hiyo kabla ya Jumamosi ijayo tafuteni nani anajenga mtaani kwenu na mkubaliane aje na guta au kirikuu. Plastiki itakayobaki ni viroba vichache, hivyo viende na gari la taka ambalo kila nyumba inalilipia ada.

Na kwa mwenyekiti usiende peke yako na usiende kwa mdomo. Andikeni barua, watu 15 wasaini na namba za nyumba, muombe suala liwe ajenda kwenye mkutano wa mtaa, na mapato na matumizi ya pesa ya taka yasomwe siku hiyohiyo. Nakala ipelekwe kwa mtendaji wa kata. Mkifika ofisini muwe na kopi ya pili, muombe igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo kopi mbaki nayo nyie. Mkutano ukiitishwa nitumie meseji, nitakuja.